Siku Homa Iliposhuka

Watu husema homa ikishuka, mshukuru Mungu. Mimi nilishukuru mapema mno, na ndiyo sababu naandika. Wewe mama uliyekaa kwenye benchi la wodi ya watoto, umempakata mtoto aliyeanza kupoa, nakuomba usifunge mzigo wako kwanza. Muulize daktari majibu ya damu yamesemaje. Akikukasirikia, na wewe kasirika. Mimi nilikuwa na adabu, na adabu yangu nusura imzike mwanangu.

Tulikuwa tunaishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la miwa, bondeni, kusini mwa Moshi. Mume wangu, Elirehema, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kiwandani. Yeye ni mtu wa Marangu. Mimi ni Mnyaturu wa Singida, nililetwa huku mdogo na baba yangu aliyekuja kukata miwa. Ilikuwa miaka ile ya foleni, na sisi tuliokaa katikati ya miwa tulipanga mstari kwenye duka la ushirika kungojea sukari. Maji nayo yalitoka kwa saa, kwa hiyo kila mlango ulikuwa na pipa lake na kila pipa lilikuwa na mbu wake. Mbu wale hawakungoja jua lizame. Walikuwa weusi, miguu ina madoa meupe, na waliuma mchana kweupe watoto wakiwa kwenye michezo yao. Tulilalamika kwa balozi wa nyumba kumi, balozi akaandika barua, barua ikaenda ilikokwenda.

Binti yetu, Ndeshi, alikuwa na miaka saba. Kwa desturi ya kina Elirehema, binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, kwa hiyo mkwe wangu naye alikuwa Ndeshi. Kwa utani aliniita "mama yangu", maana nilikuwa nimemzaa. Aliupenda utani huo kuliko nilivyoupenda mimi. Nilikuwa namwogopa kidogo, kwa kuwa alikuwa na macho ya kukagua sufuria, na kila alipomshika mjukuu wake alimpima mkono kwa vidole kuona kama bondeni wanamlisha.

Masika yalikuwa yanaishia siku Ndeshi aliporudi kutoka shuleni kabla ya wenzake. Alisimama mlangoni akaniambia, "Mama, macho yanauma nikiyageuza." Sijawahi kusikia mtoto akisema hivyo. Kichwa kilimuuma, mgongo ulimuuma, magoti yalimuuma, na alitembea kama ajuza. Kufikia jioni alikuwa anachemka.

Kwenye zahanati ya shamba walimpa klorokwini, dawa ya malaria, bila kumpima. Ilimwasha akajikuna mpaka akajichubua. Kesho yake walimtoboa kidole, wakatazama damu, hawakuona mdudu. Mganga msaidizi akasema malaria imejificha. Nikamuuliza imejificha wapi. Akaniuliza kama na mimi nimesomea uganga. Wakamchoma sindano ya klorokwini ileile, na siku ya tatu mtoto amekuwa mwekundu usoni na kila anachokunywa anakirudisha, tukaomba lori la shamba litupeleke hospitali mjini.

Sitaitaja hospitali hiyo. Ilikuwa na watu wema na watu wabaya, kama kanisa. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa mchana, Ndeshi amelala mapajani pangu, kanga yangu imelowa jasho lake. Wodini tulipata nusu ya kitanda. Nusu nyingine ilikuwa ya mtoto wa kike wa miaka miwili kutoka Mabogini, ambaye mama yake, Paulina, alikuwa mkulima wa mpunga. Mimi na Paulina tuligawana mkeka chini ya kitanda, tukagawana na sabuni. Mtoto wake alikuwa na homa ya namna ileile. Huyo naye aliambiwa malaria imejificha.

Aliyenisaidia kwanza alikuwa nesi mmoja wa Tanga, mama wa makamo, jina lake Mwanaisha. Asubuhi ya siku ya nne nilimwonyesha mswaki wa Ndeshi, una damu. Akachukua mpira wa kufungia mkono, akamfunga juu ya kiwiko kwa muda, kisha akaufungua. Ngozi ya chini ilikuwa imejaa vidoti vyekundu, vidogo kama mtu amenyunyiza pilipili.

"Kwetu Tanga hii tunaiita kidingapopo," akasema. "Huvunja mifupa. Lakini hii inayotoa damu siipendi."

Alimwambia daktari mbele yangu. Daktari alikuwa kijana, shati limenyooshwa. Akacheka kidogo akasema hayo ni magonjwa ya pwani, hayajapanda treni kuja Moshi. Mwanaisha hakuondoka. Alisimama pale na faili mkononi mpaka daktari akachoka, akaandika damu ipimwe. Nataka jambo hili likumbukwe, kwamba damu ya mwanangu ilipimwa kwa sababu mwanamke mmoja alikataa kusogea.

Maabara walikuwa wanapima damu za namna ile mara moja kwa siku, dawa zao zilikuwa chache. Tukaambiwa tungoje kesho.

Kesho yake, siku ya tano, Ndeshi aliamka hana homa. Niliweka mkono kwenye paji la uso nikadhani mkono wangu ndio una kasoro. Alikuwa amepoa kabisa. Nilipiga magoti palepale kati ya ndoo na viatu vya watu nikamshukuru Mungu, na Paulina akashukuru pamoja nami, na alinionea wivu kidogo, aliniambia mwenyewe. Mwanaisha hakuwa zamu siku hiyo. Daktari alipopita akagusa shingo ya mtoto, akasema, "Homa imeshuka. Mnaweza kwenda, kitanda kinahitajika." Ndeshi alilalamika tumbo linamuuma. Daktari akasema ni njaa.

Wakati nakusanya vyombo, nikaitwa kwenye dirisha la maabara. Siku hizo ndugu wa mgonjwa ndiye aliyekuwa tarishi. Mtu wa maabara akanipa karatasi iliyokunjwa, imeandikwa kwa Kiingereza, akaniambia, "Peleka wodini haraka, mama." Nami nilikwenda haraka, nilikimbia. Nikampa karani wa wodi. Hakuifungua. Aliichomeka kwenye faili, akaweka faili chini ya mafaili mengine.

"Daktari ameshapita," akasema. "Ataiona kesho."

"Lakini sisi tumeruhusiwa leo."

"Sasa kama mmeruhusiwa, mnataka nini tena?"

Kuuliza si ujinga, tunaambiwa tangu utotoni. Sikuuliza. Nilisema asante. Nilimwambia asante mtu yule, na kila nikilikumbuka neno hilo nasikia moto kifuani hadi leo.

Mkwe wangu alikuwa ameshafika, ameteremka na basi la asubuhi akiwa na mtori, ile supu ya ndizi na nyama, kwenye chombo. Mimi nilitaka kurudi nyumbani kwangu. Yeye akasema hapana. Kwa watu wa mlimani, homa ni kitu cha bondeni, na mtu akiugulia bondeni hupandishwa juu, kwenye baridi, kwenye migomba, akapate nguvu. Ndivyo walivyofanya kwa babu zao na ndivyo watakavyofanya kwa wajukuu. Elirehema, aliyekuwa amekuja kutuchukua, alimtazama mama yake, akanitazama mimi, halafu akajifanya anatafuta nauli mfukoni. Penye wazee haliharibiki neno. Tukapanda basi la Marangu.

Kihamba chao, shamba la migomba la ukoo, kiko juu ya barabara, mwendo wa kupanda. Elirehema alimbeba mtoto mgongoni. Tulipofika mbuzi alikuwa ameshafungwa uani. Kama hujaolewa uchaggani, kisusio ni supu ya damu ya mbuzi na vipande vya nyama laini. Humpa nguvu mzazi na mgonjwa, kwa maana ya wazi kabisa kwamba aliyepungukiwa damu arudishiwe damu. Ndeshi alikuwa ametokwa damu kwenye fizi, bibi aliona mswaki. Ungefikiri nini, ungekuwa wewe?

Mtoto hakutaka. Nikakaa naye, nikamshikia kikombe, nikamwambia kunywa mwanangu, bibi amekuchinjia. Alikunywa mafunda matatu au manne kwa ajili yangu. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Tukasema ni baridi ya mlimani, tukamwongeza blanketi, tukamsogeza motoni. Hakuwa anatulia, kila saa anataka kugeuzwa, halafu anasinzia kabla hujamaliza kumgeuza.

Asubuhi alipata choo cheusi kama lami. Niliogopa. Mkwe wangu alikuja akatazama, akasema kwa utulivu, "Hicho ni kisusio, mama yangu. Kimepita." Na kweli, mtu akila damu choo huwa cheusi, kila mwanamke wa pale anajua. Nilipumua. Huo ndio uliokuwa ubaya wa kisusio na hakuna mwingine, kwamba kilitufunika macho. Damu ile nyeusi ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Kabla ya saa sita pua ilianza kutoka damu na haikukoma. Tumbo lilikuwa limevimba. Nikajaribu kukumbuka alikojoa lini mara ya mwisho, sikukumbuka. Nikamwita, akanitazama kama mtu anayetazama ukuta. Shemeji zangu walimfunga kwenye kiti cha kamba wakambeba hadi barabarani, na gari la chama cha wakulima lililokuwa linateremsha kahawa likatupakia juu ya magunia. Bibi alipanda nasi. Njia nzima alimshikilia miguu, anaisugua, anasali kwa Kichagga.

Daktari alikuwa yuleyule. Alipomwona mtoto, uso ulimbadilika, na nafikiri hapo ndipo alipoogopa. Mtu akiogopa hutafuta pa kuitupia hofu.

"Mmempa nini?"

Akarudia. Mkwe wangu akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Kisusio, daktari. Kidogo tu."

"Damu? Mmemnywesha mtoto damu?" Alisema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, watu kwenye mabenchi wakageuka. "Nyinyi wa mlimani mtaacha lini? Wewe bibi ndiye uliyemfikisha hapa. Akifa, umemuua wewe." Kisha akanigeukia. "Na wewe mama mtu ulikuwa wapi?"

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miezi mingi. Nilisema, "Nilimkataza."

Sikumkataza. Kikombe nilikishika mimi. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mtoto wangu alikuwa anatokwa damu, na nilitaka kuwa upande wa wasomi. Mkwe wangu aliniangalia. Hakukanusha. Alirudi nyuma hadi ukutani, akasimama hapo, ana damu ya pua ya mjukuu wake kwenye kitambaa cha kichwa alichokuwa amemfutia.

Mwanaisha alikuwa zamu. Alifika akatupa macho mara moja, akatafuta mshipa, akakosa, akatafuta tena mguuni, akaupata. Maji yakaanza kuingia. Alipomaliza ndipo alipouliza, "Majibu yake ya damu yako wapi?" Akayatafuta mwenyewe kwenye meza ya karani, akaisoma karatasi akiwa amesimama. Alikwenda kumwonyesha daktari. Waliongea mlango umefungwa, na alipotoka aliongeza mwendo wa maji.

Mtoto wa Paulina hakuwepo kitandani. Nilidhani wameruhusiwa. Mwanaisha akaniambia homa yake ilishuka usiku tuliolala Marangu, na Paulina ameshampeleka Mabogini kuzikwa. Mkeka wetu ulikuwa umekunjwa vizuri umesimamishwa kwenye kona, na kipande cha sabuni kimeachwa juu yake, sehemu yangu.

Kwa siku mbili tuliishi kwa dripu. Wenzake Elirehema wa kiwandani walikuja kutoa damu, wamevaa ovaroli zao, wakapanga mstari kimya. Ndeshi alivimba uso mpaka macho yakawa mistari. Mikono ilikuwa na mabaka ya zambarau kila alipochomwa. Niliacha kusali kwa maneno, nikabaki kuhesabu matone ya chupa. Siku ya tatu, mchana, alifumbua jicho moja akasema, "Nataka kukojoa." Nililia mpaka wagonjwa wengine wakadhani nimefiwa. Mwanaisha alileta chombo, akakitazama mkojo ule kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayetazama lulu, akaniambia, "Sasa lala, mwanangu." Nililala sakafuni nikiwa na viatu.

Baadaye, mtoto akiwa anakunywa uji, Mwanaisha alinisomea ile karatasi. Sitaeleza mambo ya kitabibu, sikuyasomea. Aliniambia ilisema mambo mawili. Chembe zinazogandisha damu zilikuwa zimeshuka mno, na damu yenyewe ilikuwa imekuwa nzito kwa sababu maji yake yalikuwa yanavuja nje ya mishipa. Mtoto mwenye majibu hayo hatolewi kitandani, hata homa ikishuka. Homa ikishuka ndipo hasa hachezewi.

"Hii ilitoka lini?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Siku mliyoondoka. Asubuhi."

"Kabla hajaonja kisusio."

"Kabla hajakiona. Mama, kisusio hakikumuumiza mtoto wako."

Nilikwenda kwa daktari na karatasi mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Aliisoma, au alijifanya anaisoma, akanirudishia. "Mtoto amepona," akasema. "Sasa unataka nini?" Swali lilelile la karani. Nilisema nataka aende akamwambie bibi wa mtoto kwamba hakuua mtu. Akaniambia ana wagonjwa wanaomngoja, na wazee wasipotishwa hawaachi mila mbaya. Nilisimama pale. Nilijaribu kufanya kama Mwanaisha, kusimama tu. Aliondoka yeye.

Jumapili, baada ya ibada, mkwe wangu alikuja wodini. Alikuwa hajaonekana tangu siku ile. Amevaa gauni lake la meza ya Bwana, na mkononi ana jani la isale limefungwa fundo. Isale ni mmea wanaoupanda mipakani mwa vihamba. Mtu akikuletea jani lake namna ile anakuomba msamaha, na hata awe amekuulia ndugu, hulikatai. Sijapata kuona mkwe akimpelekea jani mke wa mwanawe. Alinipa kwa mikono miwili mbele ya mume wa binti yake aliyemsindikiza na mbele ya Elirehema, na akasema, "Nisamehe, mama yangu. Sikujua kuwa ninaua."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Lakini Elirehema alikuwa amesimama palepale, na ningesema kweli ningelazimika kusema na uongo wangu. Nikalipokea jani. Nikasema, "Nimekusamehe." Mimi, nimemsamehe yeye.

Tulitoka hospitali kiangazi kimeanza. Ngozi ya viganja vya Ndeshi ilibanduka, na kila nilipomchana nywele zilibaki kwenye kitana kwa mafungu, nikamnyoa. Shule alirudi vuli, na kwa wiki kadhaa alikuwa anachoka kubeba daftari. Nilifunika mapipa yote kwa mabati, nikapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wenzangu wafunike, na walioniita kichaa niliwafunikia mwenyewe.

Krismasi tulipanda Marangu kama kawaida ya kila mtu wa kule. Asubuhi nilikata isale mpakani, nikafunga fundo vile nilivyoona amefunga, nikaingia jikoni alikokuwa amekaa, na Elirehema nikamwita aje asikie. Nikasema yote. Kwamba sikumkataza. Kwamba kikombe nilikishika mimi. Kwamba karatasi ilitoka kabla ya mbuzi kuchinjwa, na hii hapa. Nikamsomea kama Mwanaisha alivyonisomea. Elirehema alitoka nje, na hatukuongea naye mpaka mwaka mpya.

Mkwe wangu alilipokea jani, kwa kuwa halikataliwi. Akalilaza kwenye mapaja yake akalinyoosha.

"Una moyo mzuri, mama yangu," akasema. "Unanionea huruma. Lakini yule daktari amesoma."

Nilimwambia tena. Nilimwambia mwaka ule na uliofuata. Nilimleta Mwanaisha siku moja ya mapumziko yake, akamweleza taratibu, akapewa ndizi na maziwa, akashukuriwa sana. Haikusaidia kitu. Wifi yangu alipojifungua, mbuzi alichinjwa, na mkwe wangu akasimama pale mpaka damu yote ikamwagwa kwenye shina la mgomba. Mzazi akalishwa mtori. Wanawake wa ukoo walinung'unika kwamba bibi Ndeshi amekuwa mchoyo.

Amefariki sasa. Ndeshi wangu ni mwanamke mzima, ana sauti kubwa na nywele nzito, na hakumbuki chochote isipokuwa mpira aliofungwa mkononi. Aliyebeba jina lake kabla yake alizikwa akiamini kwamba alikaribia kumuua. Daktari ndiye aliyemwambia, na mimi ndiye niliyekuwa shahidi wake. Daktari alishasahau siku ileile.